Helmeti ya Kaka Cuthbert

Ida alikuwa anakaa akiipa mgongo. Sebule yake ni ndogo, viti vinne na meza, na helmeti ilitundikwa kwenye msumari palipokuwa na kalenda ya parokia, kwa hiyo ukiipa mgongo unabaki unatazama ukuta mtupu. Alikaa hivyo miezi mizima. Mimi jirani yake nikiingia kuomba chumvi namkuta katika mkao huohuo, sinia la maharage mapajani, na nilikuwa namcheka. Nilimwambia atapinda shingo. Baadaye nikaacha kumcheka, maana hata mimi nilianza kuiogopa.

Ilikuwa helmeti nzuri, tuseme ukweli. Nyekundu, inafunika kichwa na uso mzima, kioo chake kinapanda na kushuka bila kukwama, na ubavuni kimebandikwa kidude cheusi cha kuongelea na simu bila waya, kile ambacho vijana wanakiita blututhi. Hapa kwetu, milimani juu ya Mbinga, bodaboda wengi wanavaa vibakuli vya plastiki kwa ajili ya askari wa barabarani tu, na wakishampita wanavitundika kwenye usukani. Hii haikuwa ya namna hiyo. Ilikuwa helmeti ya mtu aliyependa maisha yake, na mtu huyo tulimzika mwezi wa nane.

Ida ni mwoga. Silisemi kwa ubaya, mwenyewe anajua. Kwao ni Litumbandyosi, na alipoolewa huku alituletea uoga wake wote kama sehemu ya vyombo vya bibi harusi. Anaogopa radi, anaogopa ng'ombe wa watu, anaogopa madaraja ya magogo. Mashamba yetu ya ngolo, yale yenye mashimo yaliyopangwa ubavuni mwa mlima ili mvua isibebe udongo, sisi tunayapanda na kuyashuka na debe la mahindi kichwani. Yeye mwaka wa kwanza aliyashuka kwa makalio, kijiji kizima kikimtazama. Kwa hiyo watu walimzoea. Ida akisema anaogopa, ilikuwa sawa na jogoo kuwika, hakuna anayegeuza shingo.

Helmeti aliinunua shemeji yake, Cuthbert, kaka mkubwa wa mumewe. Cuthbert alikuwa anashuka na pikipiki mpaka Kihagara, kwenye ufuko wa Nyasa, anachukua usipa, dagaa wa ziwa hilo, waliokaushwa na akina mama wa kule, anawapandisha kuuza sokoni Mbinga. Hakuwa mtu wa fujo. Ile helmeti aliifuata Songea, akazijaribu zote dukani mpaka muuzaji akachoka naye, na blututhi aliiweka kwa ajili ya mkewe, Scholastica, ambaye alikuwa hatulii mpaka asikie sauti yake. Pamoja na tahadhari zote hizo, siku moja mchana, kwenye mteremko wa kuelekea ziwani, pikipiki ilimtoka kwenye kona akarushwa ukingoni. Waliomwokota walisema ni kifua. Alikuwa ametoka damu mdomoni, na kichwa hakikuwa na jeraha. Helmeti ililetwa pamoja na mwili. Shangazi yao, Gertruda, aliipangusa kwa kitambaa chenye maji, vumbi likatoka, ikang'aa bila mkwaruzo hata mmoja, kwa sababu aliangukia udongo laini. Watu waliitazama na kusikitika kwamba kofia imepona na mwenyewe amekwenda.

Sasa, ukoo ule una desturi yake. Mwanamume akifa na ana mdogo wake, siku ya arobaini kitu chake cha kazi kinakabidhiwa huyo mdogo mbele ya watu, na kuanzia hapo wazee wanamwita kwa jina la marehemu. Zamani ilikuwa mundu au jembe. Mwanamume wa siku hizi kitu chake cha kazi ni pikipiki, basi Shangazi Gertruda aliinua helmeti kwa mikono miwili, akamvika Alphonce, mume wa Ida, akatamka kwamba Cuthbert amerudi kukaa na watu wake. Tukapiga makofi. Enzi za mababu angekabidhiwa mjane pia, lakini siku hizi padri hataki, na Scholastica mwenyewe angemfukuza kwa mwiko.

Kitu kilichokabidhiwa namna hiyo hakiuzwi wala hakiazimwi, na hakiwekwi kando ukanunua kingine. Ukikiacha, umemkataa ndugu yako. Na mtu aliyemkataa ndugu yake, wakianza kumhesabia mikosi, hata kuku wake wakiugua atalaumiwa yeye.

Alphonce alikuwa mtu wa kahawa. Pikipiki alijua kuiendesha mpaka kwenye mashine ya kusaga na kurudi. Lakini ukishaitwa Cuthbert unafanya kazi ya Cuthbert, na watoto wa marehemu walikuwa wanakula. Fundi akainyoosha pikipiki, na Alphonce akaanza kushuka Kihagara.

Ukitaka kujua hofu ilivyo, ungekaa na Ida siku ambazo mumewe ameshuka. Anaosha sufuria, anairudisha kwenye karo, anaiosha tena.  Gari la mizigo likipita barabarani anasimama na kusikiliza mpaka mlio uishe, na honi ikipigwa mbali anatoka mlangoni. Alphonce, kwa huruma, alikuwa anampigia akiwa njiani kupitia ile blututhi, anaongea huku anaendesha, ili mkewe atulie. Mimi nilikuwepo mara nyingi. Unasikia upepo, unasikia pumzi zake, anasimulia kwamba amepita kijiji kinachoitwa Mbuzi Mmoja, amepishana na basi, ukungu umefunguka. Ida anaitikia huku amelishika sikio la pili. Nilidhani anaziba kelele za watoto. Siku moja akaniomba nisikilize vizuri.

"Hilda, kuna kitu kinagonga mle ndani."

Nikasikiliza. Kweli kulikuwa na mlio mdogo wa kugonga, kama punje ndani ya kopo, kila pikipiki ilipopanda tuta. Nikamwambia ni spika imelegea. Alphonce alipoulizwa naye akasema ni spika imelegea. Ida hakubisha, lakini nilimwona anahesabu milio ile kama mtu anayehesabu radi.

Jumapili moja baada ya misa, Alphonce akiwa amejilaza mchana kwenye mkeka, Ida alimzungushia uzi kichwani taratibu, juu ya nyusi na nyuma ya masikio, akaufunga fundo. Wiki hiyohiyo akauza nguruwe wake na kuniomba nimsindikize mjini. Sikuuliza. Nilidhani ni mambo ya kitenge.

Alinipeleka duka la Rukaiya, karibu na stendi. Rukaiya ni mwanamke mnene mwenye ushungi safi na mdomo usio na breki. Babu yake alitoka Kilwa akiuza chumvi, yeye anauza vipuri, matairi na mavazi ya waendesha pikipiki, na anawagombeza wateja kama watoto wake. Tulimkuta anamfokea kijana aliyekuwa anagonga helmeti kwa ngumi kupima ugumu, na mwingine aliyechagua ya rangi ya timu yake. Ida akaunyoosha mkono akitaka ile ya kwanza aliyoiona. Rukaiya akamuuliza kichwa cha mumewe ni kipana kiasi gani. Ida akatoa uzi.

Rukaiya aliutazama ule uzi wenye fundo, akataka kucheka, hakucheka. Akaupima kwenye futi yake ya cherehani. Kuanzia hapo alimhudumia Ida mwenyewe, na wateja wengine wakasubiri.

Kwa kuwa vichwa vya Ida na mumewe havikupishana sana, alimvalisha yeye. Kwa kila helmeti alimwambia atikise kichwa. Ikicheza, inatolewa. Mashavu lazima yabanwe kidogo, mkanda wa kidevuni upitishe vidole viwili tu, na ukiisukuma kwa nyuma isichomoke. Kioo kiwe cheupe, si cheusi cha mapozi, maana huku kwetu ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi. Ilipofika ya nne, nyeupe, Ida alifunga kioo akasimama kimya. Nilimwona kifua kinapanda na kushuka haraka.  Alipoivua uso ulikuwa umeloa jasho, akaniambia kwamba mle ndani husikii dunia, unasikia pumzi yako tu, na kwamba hakujua kuwa mumewe anakuwa peke yake kiasi hicho. Hiyo nyeupe ndiyo aliyochukua. Inaonekana kwenye ukungu, alisema.

Wakachagua na jaketi lenye mistari inayong'aa, glavu za ngozi, na kinga za magoti na viwiko. Blututhi Rukaiya aliionyesha bila hamu. Alisema hiki kidude kina faida yake, mtu anasikia akiitwa, lakini mteremkoni si mahali pa maongezi, na wanawake wanaowapigia waume zao barabarani wanapenda vibaya. Ida aliitikia, na bado akainunua. Kuikosa ile sauti hakuweza.

Kisha, huku anafunga mzigo, Ida akauliza kama mtu anayeulizia habari ya jirani. Helmeti iliyoanguka na mtu, lakini nje ni nzima kabisa, inafaa kuvaliwa na mwingine?

 Rukaiya aliinama chini ya kaunta akatoa helmeti kuukuu inayong'aa, akabandua kitambaa cha ndani. Chini yake kulikuwa na lile povu gumu jeupe kama linalowekwa kwenye katoni za televisheni, na lilikuwa limepasuka katikati. Alipoitikisa, ikagonga.

"Hili ndilo linalokufa badala ya kichwa, dada yangu. Likishakufa mara moja limekufa. Nje itang'aa mpaka mwisho wa dunia."

Ida alikaa juu ya tairi. Nami nilikaa. Njia nzima ya kurudi mzigo ule niliubeba mimi, kwa sababu aliniomba nikauweke kwangu kwanza.

Alipompa mumewe ilikuwa vita. Si vita ya ngumi, Alphonce hana tabia hiyo, ila alikuwa amekasirika mpaka anaongea Kimatengo kitupu. Jaketi alilikubali, glavu na kinga za magoti alizikubali. Helmeti hapana. Alisema shangazi akisikia atafikisha kwa ukoo wote kwamba Alphonce amemtupa kaka yake kwa ajili ya mkewe. Ida akamwomba basi wabandue kitambaa cha ndani waangalie tu. Alphonce akasema mle ndani mna jasho la kaka, na hakuna atakayelibandua. Kweli, Ida mwenyewe asingethubutu. Mwanamke aliyeolewa hagusi kitu cha marehemu wa ukoo kwa kisu. Ni bora uonekane unapika umevaa viatu vya baba mkwe.

Basi mwisho wa ugomvi ukawa huu. Helmeti mpya haikutupwa, maana ni pesa ya nguruwe. Alphonce aliifanya ya abiria, na kwa kuwa kutoka Kihagara abiria wake walikuwa usipa, aliivika juu ya gunia na kuikaza kwa mpira. Watu wa Mbinga walimwona anapandisha, yeye na helmeti nyekundu inayogonga, nyuma yake gunia la usipa limevaa helmeti nyeupe mpya yenye blututhi. Walicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka pia siku ya kwanza, halafu nikamwona Ida amesimama mlangoni, na kicheko kikanikaa vibaya.

Mvua zikaanza. Siku moja ya Desemba Alphonce alirudi upande mmoja wote una tope, jaketi limechanika kiwiko, kinga ya goti imevunjika. Alisema ameteleza kidogo. Alikung'uta glavu muda mrefu, hata tope lilipokwisha. Ida hakulia wala hakugomba. Aliipokea helmeti, akaitundika msumarini, na kwa mara ya kwanza akakaa kwenye kiti kinachoitazama. Alipoinuka alikuwa ameamua kwenda kusema mbele ya ukoo.

Kikao cha ukoo, wazee bado wanakiita sengu. Watu wanakula kwanza pamoja, ndipo wanaongea, kwa sababu wanasema mtu uliyekula naye chungu kimoja ni vigumu kumtukana. Mwezi ule walikutana kwa Shangazi Gertruda kuzungumzia mpaka wa shamba. Nilikuwepo kwa kuwa nilisaidia kupika. Ugali ulipokwisha na mikono ikaoshwa, Ida akapiga magoti pembeni ya mkeka, akawaamkia wote shikamoo, akaomba kusema. Sauti yake ilikuwa nyembamba mno. Akaeleza habari za povu jeupe, na duka, na mlio wa kugonga anaousikia. Akaomba mume wake aruhusiwe kuvaa nyingine.

Shangazi Gertruda alimsikiliza mpaka mwisho, hilo nampa haki yake. Kisha akasema kwamba Ida hata kuku akipiga chafya anaogopa, na watu wakacheka. Akaagiza helmeti iletwe. Akaigeuza mbele yetu, akapitisha kiganja juu yake, akauliza nani anaona mkwaruzo. Hakuna aliyeuona. Akasema aliipangusa kwa mikono yake, na aliuosha mwili kwa mikono yake, na kichwa cha Cuthbert hakikuguswa. Kilichomuua ni kifua. Helmeti ilimlinda mpaka mwisho na itamlinda mdogo wake. Alphonce alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Ida alibaki amepiga magoti. Nilijua imekwisha, na niliogopa kwelikweli, kwa sababu kesho yake Alphonce alikuwa anashuka tena, na mvua ilikuwa inanyesha.

"Kichwa kiligonga," alisema mtu kutoka kwenye mlango wa jikoni.

Alikuwa Scholastica. Tangu mazishi hakuwa amesema neno katika kikao chochote. Tulikuwa tumemwona mjane mtulivu na tukamsifu. Alikuwa ameshika sahani za kuosha, na hakuziweka chini wakati wote aliokuwa anaongea.

Shangazi akamuuliza anajuaje, yeye alikuwa nyumbani.

"Nilikuwa naye masikioni. Nilimpigia mimi. Nilitaka aniletee mbasa, akacheka, akasema wewe na samaki wako. Halafu nikasikia breki. Nikasikia ile helmeti inagonga. Iligonga mara mbili, ya pili nilidhani imenigonga mimi."

 Mtoto aliyekuwa analia nje alitulizwa na mtu, sijui nani.

"Akaniita. Akasema, Skola, mbona umezima taa? Ilikuwa saa tisa mchana, mama, jua lilikuwa kali. Nikamwambia sijazima. Akasema, basi washa. Akasema hivyo mara nyingi, washa, washa. Halafu akanyamaza na upepo ukabaki."

 Akasema hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu angemwambia nani? Wangesema aliyemuua ni yeye na mbasa wake, na huenda wangesema kweli, na wangemwondoa kwenye nyumba ya watoto wake. Hofu hiyo ameilalia na kuamka nayo. Lakini Ida amepiga magoti pale na anachekwa, na Alphonce naye ana mke nyumbani mwenye simu.

 Shangazi Gertruda ni mwanamke mkubwa, uso mpana, na niliuona uso huo unazeeka mbele yetu. Kisha akaomba kisu. Mwenyewe, shangazi wa ukoo, ambaye peke yake angeweza kufanya hivyo bila kuulizwa, akaiweka helmeti mapajani, akachoma kisu kwenye mshono na kuvuta kitambaa. Kilitoka na harufu ya jasho na ya usipa. Chini yake povu jeupe lilikuwa limepasuka kutoka sikio hadi sikio, na upande mmoja lilikuwa limebonyea, sehemu ya ukubwa wa ngumi. Kipande kikadondoka kwenye mkeka. Kilikuwa chepesi hata hakikutoa sauti.

Akakiokota. Akakishika kwenye kiganja muda wote alioongea.

"Niliipangusa mimi," alisema. "Nikaona inang'aa nikafurahi."

Kisha akalia, na tulipomwona yeye analia hakuna aliyebaki na macho makavu. Hakumlaumu Scholastica kwa neno lolote. Alimwita akae karibu naye, akamnyang'anya zile sahani, akamshika mkono. Mkono huo hakuuachia mpaka kikao kilipovunjika, na hakuna mtu mwingine katika ukoo aliyethubutu baadaye kulitaja lile jambo la simu.

Helmeti nyekundu waliizika kesho yake kwenye kaburi la Cuthbert, chini ya msalaba, na kile kipande kilirudishwa ndani yake. Mvua ilikuwa imepungua. Palepale makaburini shangazi akaomba ile nyeupe. Alphonce aliifungua kwenye pikipiki, inanuka usipa, nikamfutia kwa khanga yangu. Shangazi akamvika, akamwita jina la kaka yake, akamwambia aende kazini. Makofi hatukupiga.

Tukiwa tunashuka kutoka makaburini, Alphonce akikokota pikipiki, alimwambia mkewe kitu, nami nilikuwa nyuma yao nikasikia. Alisema mlio ule alikuwa anausikia tangu siku ya kwanza. Kila tuta. Alisema alikuwa anaogopa hata kupumua kwa nguvu mle ndani, na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa kuwa uoga wa nyumba ile ulikuwa umeshachukuliwa na Ida.  Ida alimshika nyuma ya jaketi, pale penye mstari unaong'aa, wakatembea hivyo mpaka nyumbani kama mtu na ng'ombe wake.

Safari iliyofuata, asubuhi, kabla mumewe hajawasha pikipiki, Ida aliichukua helmeti nyeupe na kuibandua blututhi. Alphonce alimshangaa. Ida akakifunga kile kidude kwenye kitambaa, akakitia kabatini, akamwambia asimpigie na asipokee simu ya mtu. Afike ziwani, asimame, avue helmeti, ndipo apige. Mimi namjua Ida. Ningeambiwa nichague kati ya kumwona anavuka daraja la magogo akicheza ngoma na kumwona anajinyima sauti ile, ningesema daraja ndilo rahisi.

Tukakaa barazani watatu, mimi na yeye na Scholastica, tunachambua maharage ya mbegu. Simu ya Ida ilikuwa kwenye mkeka katikati yetu. Hakuna upepo wa kusikiliza, hakuna pumzi, kimya kitupu, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko ule mlio. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Nilichambua sinia moja mara tatu. Scholastica alikuwa ameshika punje moja tu, anaizungusha kwenye vidole. Ida alikuwa ameanza kusali rozari, akafika katikati ya salamu akasahau maneno, akaanza upya, akasahau tena palepale. Jua lilipanda, ukungu ukaondoka, watoto wakapita kwenda kula nyumbani. Muda wa kufika Kihagara ulikuwa umepita. Mimi nilianza kutunga moyoni maneno ambayo mtu anamwambia jirani yake siku kama ile, na sikuyapata.

Simu ikaita.

Ida aliitazama. Mkono wake ulikwenda mpaka karibu nayo, ukarudi. Ikaita mpaka nikadhani itakatika. Scholastica ndiye aliyeichukua, akaiweka sauti ya juu, akaishika mbele yake kwa mikono miwili. Tulisikia mawimbi na kelele za wanawake wa kuanika usipa. Hakumsalimia. Hakuuliza habari za njia.

"Alphonce," alisema, "huko kuna mwanga?"

 Nadhani Alphonce alielewa.

"Upo, shemeji. Ziwa lote naliona."